Kopo la Nyoka: Kutoka Lushoto Hadi Shambani Chini ya Mtae

Nimechoka kuulizwa. Nikipita sokoni naulizwa, nikikaa kwa fundi viatu naulizwa, na Jumapili iliyopita nimeshika kapu la sadaka kabisa, mtu akaninong'oneza, "Mzee Samweli, ni kweli ulimnyonya dada yako sumu?" Sikunyonya. Hakuna aliyenyonya kitu. Nilikwenda kumpelekea dada yangu Elizabeti dawa ya nyoka, nikafika, nikarudi, na yaliyotokea katikati ndiyo haya. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono huu uliacha shule darasa la pili ukaenda kubeba kabichi, na kabichi hizo zimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma mnayoiona mkipanda Magamba. Kwa hiyo herufi zikigongana mahali, zisameheni. Anayetaka mwandiko mzuri amuulize mwalimu mkuu, ambaye mpaka leo amepanga chumba.

Elizabeti na mumewe, shemeji yangu Hoza, walihama huku milimani zamani kwa sababu shamba lao lilikuwa limebaki upana wa mkeka. Walishuka nyika, chini kabisa ya Mtae, wakapata eneo, wakalima mahindi. Nyika ina ardhi, lakini ina na wenyewe. Msimu uliopita nyoka, kifutu, alimuuma jirani yao, mama wa watu. Wakamfunga kamba ya katani juu ya goti, wakaikaza, wakamkata na wembe. Alipofika hospitali mguu ulikuwa mweusi kama sufuria. Ukaondolewa.

Tangu hapo Elizabeti aliogopa mahindi yake mwenyewe. Yakakauka, nguruwe pori wakaanza kuvuna kabla yake, na chakula kingine hawana. Akanipigia simu. "Kaka, mimi wiki ijayo naingia shambani, dawa iwepo isiwepo. Njaa nayo inauma." Akakata.

Mimi si mtu wa kuambiwa hivyo na simu ikakatwa.

LUSHOTO: KULIJAZA KOPO

Nilitaka kitu kidogo cha kushika kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una bakora. Bakora yangu mnaijua, ya mti wa mkarati, ile niliyochongewa siku niliyoezeka nyumba. Nikachukua kopo la rangi la lita nne, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Nikampelekea kijana anayechora mabango ya saluni, aandike DAWA YA NYOKA. Akaligeuzageuza, akasema, "Mzee, hapa panaenea neno moja na picha." Akaandika NYOKA. Halafu akamchora nyoka mwenyewe, kajikunja, ulimi nje, macho mekundu. Kijana anajua kuchora, simnyimi sifa yake.

Ndani niliweka vitu nilivyovifikiria kwa kichwa changu. Kwanza jiwe la nyoka, lile jeusi jepesi ambalo wazee wanasema linagandishwa kwenye jeraha na kunyonya sumu. Nililipata kwa mzee mmoja wa Gare. Aliapa kwamba lilimponya mbuzi wake. Nikamuuliza mbuzi yuko wapi, akasema walimla Krismasi. Nikaridhika, maana mbuzi mgonjwa haliwi Krismasi.

Pili, nyembe mbili mpya. Tatu, mpira, kipande kirefu cha tyubu ya baiskeli. Nilikuwa nimelitafakari sana lile jambo la jirani aliyekatwa mguu, nikaona kosa lao. Kamba ya katani haivutiki! Wangetumia mpira mguu ungekuwepo. Msicheke. Wakati nalisema hili pale kwa fundi viatu nyote mlitikisa vichwa mkasema, "Mzee ana akili."

Nne, chupa ndogo ya pombe kali. Mzee wa kanisa haingii dukani kununua pombe kali, kwa hiyo nilimtuma fundi cherehani. Akanikumbusha kwamba yeye ni Mwislamu. Nikaenda mwenyewe, nimevuta kofia mpaka puani. Muuza duka akasema, "Shikamoo, mzee wa kanisa."

Mwisho nikaingia duka la dawa. Kuna binti pale, mpole wa sura.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe dawa ya nyoka."

"Babu, hiyo haiuzwi dukani. Iko hospitali, mtu anachomwa daktari akiwa anamwangalia. Hilo kopo lina nini?"

Nikalifungua kwa fahari. Akachungulia.

"Wembe ni wa nini?"

"Kukata pale alipoumwa, sumu itoke."

"Usikate. Na mpira?"

"Kufunga, sumu isipande."

"Usifunge. Unaua mguu. Na hili kaa?"

"Hilo si kaa! Hilo ni jiwe, linanyonya."

"Halinyonyi, babu. Na hii pombe usimpe."

"Binti," nikamwambia, "kuna kitu chochote humu unachokikubali?"

Akafikiri kidogo. "Kopo ni zuri."

Akaniletea bandeji mbili pana na kalamu ya wino mzito. Akaanza kusema kama anayemsomea mtoto: mtu akiumwa mvue viatu, pete, bangili, kabla hajavimba. Mlaze. Mguu uufunge kwenye vijiti usicheze, bandeji iwe ya kushikilia tu, kidole chako kipite chini yake. Uvimbe ulipofika uchore mstari, uandike na saa. Abebwe, asitembee. Hospitali ipigiwe simu mapema ili mjue dawa iko wapi.

"Na mtulize, babu. Akiogopa moyo unakimbia, na sumu inakimbia nao."

Nikajisemea, huyu nyoka amemwona kwenye kitabu. Bandeji nilizichukua kwa sababu moja tu, chupa ilikuwa inagonga kopo na kulia. Nikaizungushia, ikanyamaza; kalamu nikaitupia humo humo.

LUSHOTO HADI LUKOZI: VITI VIWILI

Basi la Mtae lilikuwa limejaa, watu wamebanana kama dagaa. Nikapanda, nikaweka kopo mapajani, picha ikitazama watu. Mama aliyekaa pembeni yangu akasoma. Akanyanyuka bila kuaga. Waliokuwa mbele yangu wakageuka, wakasoma, nao wakagundua kwamba kusimama ni afya.

Konda akaja, kasimama mbali kama anayelisha mbwa mkali. "Mzee, huyo amekula?"

"Nani?"

"Huyo wa kwenye kopo."

Nilitaka kumweleza. Kweli nilitaka. Lakini nilikuwa na viti viwili, nimenyoosha miguu, na katika maisha yangu yote ya kubeba kabichi sijawahi kunyoosha miguu katika basi la Mtae. Nikasema, "Amekula."

"Basi hilo kopo liende juu kwenye keria."

"Juu kuna mzigo wangu!" akapiga kelele mwenye magunia. "Akitoka akaingia kwenye magunia yangu nani atamtoa?"

Wakabishana mpaka Magamba. Ukungu ulikuwa umefunga barabara, dereva anapiga honi kila kona, na abiria wanaogopa kopo kuliko korongo. Pale Magamba akapanda fundi mmoja wa mbao kutoka msituni, msumeno begani, akashangaa kuona nafasi, akakaa kwa furaha. Baadaye akatazama mapajani mwangu. Alisimama na msumeno wake mpaka Malindi, hii yetu ya milimani.

Hapo Malindi mama mmoja mzuri tu, kitenge kipya, alinisogelea akainama. "Babu, samahani. Una dawa ya kumtuliza mume?"

"Mama, mimi si mganga. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana nakuamini," akasema.

LUKOZI: MTANI ANAPANDA

Lukozi basi husimama mpaka viazi vitosheke, na viazi havitosheki. Nilishuka, nikanywa chai ya tangawizi na viazi vya kukaanga vya moto mpaka machozi. Hapo ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Samweli! Bado tu hujafa?"

Alikuwa Zakaria, mtoto wa shangazi yangu wa Mtae, amekuja kuuza maharage na sasa anarudi kwao. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Vijana siku hizi hawajui maana yake, basi nawaeleza: mtani anachotaka kwako anachukua. Kumtukana unaruhusiwa, kumnyima huruhusiwi. Ukimnyima, siku ya msiba wako atalala kaburini kabla yako, na hatoki mpaka watoto wako wamlipe kuku. Na kumshukuru mtani ni mwiko. Ukimwambia asante, umemtukana kuliko matusi.

"Nitakufaje," nikamjibu, "na wewe unaisubiri sanda yangu ushone suruali?"

"Suruali gani, sanda yako haitoshi hata soksi, ulivyo bahili. Kopo la nini?"

Nikamwonyesha. Kosa. Alizipekua zana zangu kama mwizi aliyeajiriwa na serikali, akaibuka na zile nyembe mbili.

"Zakaria, hizo ni za nyoka!"

"Nyoka ana ndevu? Mimi ninazo. Mama ameniambia nisirudi nyumbani na uso wa mbuzi."

Akanyolea hapo hapo kwenye kioo cha pembeni cha basi, moja kwa shavu la kulia na nyingine kwa la kushoto. Alipomaliza alizitia mfukoni mwake, kwa sababu, alisema, ndevu zitaota tena. Nikamtukana ukoo wake mzima, ambao ni nusu ya wangu.

LUKOZI HADI MTAE: KABICHI ZINATAKA KAMBA

Baada ya Manolo barabara huwa mbaya, na baada ya ubaya huo inakuja Sunga. Katika kona moja mzigo wa juu ukaanza kuteleza. Tuliona kabichi moja ikipita dirishani, halafu ya pili. Dereva akasimamisha. Kamba ya keria ilikuwa imekatika.

"Nani ana kamba?" konda akauliza.

Nikamsikia yule mtani wangu mlaaniwa: "Huyu mzee ana mpira mzuri sana. Hana haja nao, nyoka amekula."

Watu wote wakanigeukia. Mimi nimeuza kabichi maisha yangu yote. Siwezi kuangalia kabichi za mtu zinaingia korongoni nikasema nina mpira lakini umewekewa nyoka. Nikautoa. Ulifunga mzigo vizuri kabisa, unavutika, haukulegea hata mara moja. Nilijisemea, mnaona? Mpira ndio wenyewe. Tulipofika Mtae konda alikuwa anashusha mzigo upande wa pili, na basi likageuza na mpira wangu. Mpaka leo unazunguka nalo.

MTAE: MAZIWA YA SHANGAZI

Mtae mnaijua au mmeisikia. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima kama mtu juu ya ukuta, mguu mmoja huku mwingine kule, na upepo unapita katikati bila kubisha hodi. Shangazi ni mzee kuliko barabara. Macho yameanza kufifia, mdomo bado.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani?"

"Samweli."

"Samweli wa kabichi. Umenenepa. Nimesikia kwa mguu unavyokanyaga."

Yule mzee wa Gare alikuwa ameniambia jiwe liamshwe kwanza, lilazwe ndani ya maziwa, ndipo linapata nguvu ya kunyonya. Nikaomba kikombe cha maziwa, nikalitumbukiza, nikaweka kikombe juu ya meza ndogo karibu na jiko. Nikatoka nje kuota jua na kuangalia nyika kule chini, mahali dada yangu anaponisubiri.

Niliporudi, shangazi alikuwa anajifuta midomo.

"Hawa watoto wa Zakaria ni wachafu," akasema. "Wamedondosha kaa kwenye maziwa mazuri. Nimelitoa nikalitia jikoni."

Nikapiga magoti mbele ya jiko. Jiwe lilikuwa jekundu katikati, linaungua kwa utulivu, na juu yake sufuria ya maharage inachemka. Jiwe lile lile lililomponya mbuzi wa Gare.

"Shangazi, lile lilikuwa jiwe la nyoka!"

"Jiwe haliungui, mwanangu," akasema shangazi. "Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua."

Zakaria alicheka mpaka akalazimika kushika mlango. Jioni hiyo upepo ulipozidi, akasema baridi ya Mtae inaingia kwenye mifupa ya mtu aliyenyoa. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye kopo. Nilikula maharage, ambayo yaliiva vizuri, nikamsikiliza mtani wangu akimaliza chupa na kunisifu kwa Mungu.

MTAE HADI NYIKA: KOPO HALIGONGI

Asubuhi tulianza kushuka. Zakaria alisema ananisindikiza kwa sababu anataka kuona sura yangu dada akifungua kopo. Njia ile haishuki, inaanguka. Unaanza na sweta, katikati unalivua, chini unataka kuvua na ngozi. Zakaria alibeba kopo kichwani. Halikugonga wala kulia. Ndani kulikuwa na bandeji mbili na kalamu.

Tulivyokaribia, nikamwambia, "Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeinywa pombe."

"Mimi? Mimi mgeni. Mwambie wewe mwenye nyumba ya matofali."

Elizabeti alitoka mbio, shemeji Hoza nyuma yake. Aliona kopo, akaona picha, akaliangalia lile joka lenye macho mekundu kama mtu anayeangalia malaika. Akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Kaka. Umeileta kweli." Akaliweka juu ya kabati bila kulifungua, kama Biblia. Akatupikia ugali na mlenda, akasema, "Kesho naingia shambani."

Zakaria akanitazama. Mimi nikatazama mlenda. Nilijiambia nitasema baada ya kula. Baada ya kula nikajiambia nitasema asubuhi. Asubuhi niliamka nikakuta ameshakwenda, na wimbo wake unasikika kutoka katikati ya mahindi.

SHAMBANI

Nilichukua kopo nikamfuata. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Alikuwa anakunja rundo la mabua, anacheka kwa sababu gunia la kwanza limejaa. Halafu akaacha kucheka. Alitazama chini, karibu na kifundo cha mguu, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, ameniuma. Huyo hapo."

Kifutu mnene, rangi ya mabua yenyewe, anajivuta taratibu kama mwenye shamba.

Hoza alikuja anapiga kelele. "Kamba! Leteni kamba!" Na mimi, naandika kweli tupu, mkono wangu uliingia kwenye kopo kutafuta mpira. Halafu ukatafuta wembe. Nilipapasa pande zote. Ungekuwepo, ningemkata. Vilikuwepo bandeji na kalamu tu, na nilipozishika, nikasikia ile sauti ya binti wa duka la dawa, kila neno, kwa sababu lilikuwa ndilo neno pekee lililobaki ndani ya kopo.

"Hakuna kamba!" nikasema. "Hoza, acha kelele! Elizabeti, lala."

"Dawa iko wapi?" dada akauliza.

"Lala kwanza."

Tulimsogeza mbali na mabua bila kumkanyagisha, tukamvua kandambili na ile shanga ya mguuni. Hoza alitaka kumfuata nyoka na panga. Nikamwambia nyoka amwache, panga alilete. Nikaweka bakora yangu juu ya gogo.

"Kata. Katikati."

"Shemeji, bakora yako?"

"Nimesema kata!"

Akaikata. Kipande kimoja huku, kipande kimoja kule, mguu katikati, bandeji ikashikilia. Nilipitisha kidole chini yake mara mbili, mara tatu. Nikachora mstari pale uvimbe ulipofika, nikaandika saa. Herufi za darasa la pili zinatosha kwa saa.

Akaja kijana mmoja jirani na pikipiki, anasema, "Mzee, tumpige shoti ya plagi ya pikipiki! Sumu inaungua!"

"Kajipige wewe," nikamwambia. "Nenda barabarani ukazuie gari."

Elizabeti alikuwa ameanza kutetemeka, pumzi fupifupi, macho yanamtafuta yule jirani asiye na mguu. Nilimwambia tulia. Ukimwambia mtu tulia, hatulii. Nikasema Bwana yupo. Akalia zaidi. Hapo Zakaria akachuchumaa kichwani pake.

"Eliza, mimi mguu huu hata kifutu namwonea huruma. Umejaa nyufa kama barabara ya Sunga. Atakuwa amevunja meno."

Dada yangu akafumbua macho. "We Zakaria mlevi..."

"Hapo sasa. Nitukane vizuri. Polepole, usikimbie. Anza na babu yangu."

Naye akaanza na babu yake.

MACHELA

Mtandao wa simu kule unashika juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu ni nyumba ya nyoka. Hoza alikiangalia. Nikapanda mimi. Hospitali ya kwanza ikasema dawa imekwisha, ya pili ikasema ipo, mleteni. Kama tungekwenda kwa miguu yetu bila kuuliza, tungekwenda ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo ya karibu.

Tukakata miti miwili, tukafunga mashuka, ikawa machela. Kwetu machela haipiti mtu. Ukikutana nayo njiani, uwe unakwenda harusini au mahakamani, unaweka mzigo wako chini na unashika mti. Nilidhani ni sheria ya milimani tu. Lakini kijana wa Kimasai aliacha ng'ombe wake kwa mwenzake akachukua mbele. Wanawake wawili wa Kipare waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo. Mmoja alisoma kopo nililoshika, akaniuliza, "Mmemkamata na nyoka?" Nilikuwa sina pumzi ya kueleza tena. Nilimwambia ndiyo, na akabeba kwa kasi zaidi.

Na Zakaria alitembea kando ya kichwa cha dada yangu njia nzima, anatukana na kutukanwa. Akinyamaza, Elizabeti alisema, "Umeishiwa? Familia yenu wote mnaishiwa." Mmasai yule Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini alicheka mpaka machela ikayumba. Barabarani yule kijana wa pikipiki alikuwa amesimamisha gari la nyanya. Tukampakia juu ya matenga, mguu haukucheza.

HOSPITALI

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Alimchoma dawa, akakaa naye, akamwangalia. Elizabeti alipotulia, akatuita mimi, Hoza na Zakaria. Alikuwa na sura ya mtu anayejua atakachosikia.

"Semeni ukweli. Mlimkata?"

"Hapana," nikasema. "Wembe alinyolea huyu."

"Mlimfunga kamba?"

"Mpira ulifunga kabichi."

"Mliweka jiwe?"

"Jiwe limepika maharage."

"Mlimpa kitu cha kunywa? Pombe?"

Nikamwelekezea Zakaria kidole. "Imo ndani ya huyu. Tangu juzi."

Daktari akavua miwani. Akatazama zile bakora mbili zilizokuwa moja, mistari yangu ya kalamu na zile saa zilizopinda, halafu akacheka kwa namna ambayo nadhani hakuwa amecheka muda mrefu. "Hongereni," akasema. Mimi nikasema ahsante. Zakaria akasema yeye anadai soda.

KURUDI

Mguu wa Elizabeti ulivimba mpaka pajani, ngozi ikachubuka, kifundo kimebaki na kovu baya. Lakini mguu uko. Anauweka chini, anaukanyagia. Mahindi walivuna majirani, wale wale waliobeba machela, na sasa wote wanaingia shambani na buti za mpira na fimbo ya kugonga mabua kwanza. Siku aliyoruhusiwa kutoka aliniuliza, "Kaka, kopo lilikuwa na nini?" Nikamweleza yote, tangu Lukozi. Akasema, "Kumbe nilipigia goti bandeji." Tukacheka, lakini mimi nilisubiri aanze yeye.

Sasa wale mnaokuja nyumbani kwangu kuomba jiwe, hakuna jiwe. Nendeni kwa yule binti wa duka la dawa, mnunue bandeji pana na kalamu, mtafute ubao mwembamba, mwandike namba za hospitali, simu iwe na chaji. Ukiacha ubao, vyote vinaenea kwenye mfuko wa koti. Mengine yote mwachieni mtani wenu.

Kwa huyo Zakaria nilipata taabu. Mtu ameniibia wembe, mpira, na pombe, na kwa wizi huo dada yangu anatembea. Na mtani hashukuriwi. Nilifikiri wiki nzima. Mwisho nikalichukua kopo, nikalisugua tena, nikalifunga, nikampa konda wa basi la Mtae ampelekee. Ndani sikuweka kitu. Konda alilishika kwa ncha za vidole, akauliza kama amekula. Nikamwambia amekula.

Jana kopo limerudi. Nililitikisa, likalia. Ndani zimo nyembe zangu mbili, zimeshika kutu, na ndevu zake.